Tumempata Mjomba Donatien

Baraka

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu nikiwa na afya, na furaha ambayo mkono unashindwa kuiandika kwa utaratibu. Natumaini wewe, Baba na Bibi mu wazima hapo Lubumbashi, na kwamba homa ya dada Mwamini imekwisha. Nilikusudia kupanga habari hatua kwa hatua, kama tulivyofundishwa chuoni, lakini siwezi kukuchelewesha: tumempata kaka yako.

Unajua niliajiriwa kuwa mkalimani wa wataalamu waliotumwa na familia ya rubani, kutafuta mabaki ya wale wawili walioanguka na ndege ya mizigo mwaka wa kwanza wa vita. Nililokuficha ni kwamba sikuwaambia wataalamu hao kuwa fundi wa ndege ile alikuwa mjomba wangu. Nilidhani wangeniona mtu wa machozi, nami nilitaka wanione msomi.

Siku sita tulichimba mlimani, kwenye njia ya kutoka Fizi kwenda Kilembwe, pale ardhi ilipoungua. Mabati ya ndege yalikwisha kuyeyushwa yakawa sufuria. Mfupa hatukuona hata mmoja. Wanakijiji walitupa ugali na mboga ya sombe, wakanyamaza. Niliwatolea hati zenye mihuri, nikawaeleza haki za wafu katika sheria za mataifa, nikabishana na kila aliyekubali kunisikiliza. Mwanamke mmoja akawaambia wenzake, "Huyu kijana anasema sawa redio. Atanyamaza mabatri zikiisha."

Siku ya sita, Mama Apendeki, mjane mwenye shamba la muhogo karibu na hapo, alisimama ukingoni mwa shimo letu. "Kati yenu, ndugu ya bafu ni nani?"

Nikatafsiri kwamba anawauliza ndugu wa wafu. Mkuu wa msafara akajibu kwamba ndugu wako ng'ambo, ila wametia sahihi.

"Basi mulikuja kuchimba viazi," akasema, akaenda zake.

Mkuu aliamuru tufunge mizigo. Kesho yake tungeondoka. Hapo, Mama, elimu yangu yote ikakosa hoja. Asubuhi nilikwenda uani kwake, nikavua viatu, nikakaa chini kama anavyokaa mfiwa.

"Mama, yule fundi ni kaka ya mama yangu."

Akanitazama. "Siku sita unapita hapa na kofia yako, hausemi?"

"Niliona haya."

"Haya ya mujomba wako?"

Nililia, mimi ambaye sikulia hata siku mlipofanya matanga bila mwili. Naye akaketi kando yangu, akaita wenzake, wakalia pamoja nami.

Walipotulia akasema, "Tulibazika sisi bamama. Tulinyamaza juu ya kuogopa baaskari. Wangesema ni sisi tuliangusha ndege. Na kaburi hatuonyeshe muntu mwenye hana kilio."

Makaburi yako nyuma ya jiko lake, mawili, yamezungushiwa mawe na kupaliliwa vizuri. Nilimwuliza lipi ni la mjomba. "Hili. Nilimuosha mwenyewe. Kidole kidogo ya muguu wa kushoto haikukuwa." Sikuwa nimemwambia neno lolote, Mama, kuhusu jembe ulilomwangushia mlipokuwa watoto. Wataalamu wanabisha kwamba hicho si kipimo. Wabishe.

Rubani alifukuliwa jana kwa heshima, wanawake wakimlilia kwa niaba ya ndugu zake, na leo msafara umeondoka naye. Mjomba bado yupo. Mama Apendeki amekataa kunikabidhi. "Mutoto wa dada analia, ni vizuri. Lakini kumutoa, dada mwenyewe akuje." Nilijaribu kubishana, akanipa mihogo nimenye.

Kwa hiyo njoo, Mama. Shuka Kalemie, panda boti hadi Baraka. Nitakuwa ufukweni kila boti inapofika. Miaka yote hii wanawake wale walimlilia bila kujua aitwaye nani. Walisema tu "mutoto ya batu", mtoto wa watu. Nilipowaambia jina, Mama Apendeki alilirudia mara mbili ili asikosee, kisha wote wakaanza kilio upya, wakimwita Donatien.

Nisalimie Baba, umwambie nguo zangu ni safi. Nisalimie Mwamini, na katekista wetu aliyeniandikia barua ya kazi. Bibi umwambie mwenyewe, mchana, ukiwa umekaa karibu naye na kumshika mkono: mwanawe alioshwa, akafunikwa kitenge kipya, na walikuwepo wa kumlilia.

Ni mimi mwanao ninayekungoja,
Gratien