Gauni la Tatu la Tusekile

Mjukuu wangu Atupele,

Huku Mpuguso mvua haijakata, na mimi bado mrembo kuliko wazee wenzangu wote.

Nimeelewa barua yako. Seli hula takataka zake, kama mgomba unavyolishwa majani yake makavu, na ziko jeni za breki, zinazozuia seli zisizaane ovyo, ambazo mtu akizirithi mbovu, saratani huota kirahisi kwenye ovari. Unauliza kama kwetu kuna mtu aliyeugua saratani hiyo.

Mdogo wangu Tusekile. Miaka ile mitumba iliporuhusiwa, nguo nilikuwa nauza mimi, Tukuyu nzima niliivalisha. Alikuja kubadilisha gauni lililombana, akarudi tena na la pili, tumbo limevimba.

“Dada, siku hizi nashiba kwa matonge mawili.”

“Hao mapacha,” nikasema. “Mmoja mpe jina langu zuri.”

Alicheka mpaka akashika meza. Gauni la tatu, la bluu, ndilo tulilomzika nalo. Mama yetu naye alikwenda na tumbo lile lile, tukasema ni uzee.

Jumapili mama yako, mwanangu wa kumzaa, aliacha nusu ya ndizi sahanini, akasema sketi inambana. Nilifungua mdomo nitanie, nikaufunga. Kesho nampeleka hospitali Mbeya. Nawe kapimwe hizo jeni.

Ndaga fijo, asante sana kwa kuuliza.

Bibi yako