Nyanya Milcah Alivyosoma Busu Kanisani

Zeddy, uko? Nimetoka kwa shangazi saa hii na siamini. Nyanya yangu Milcah alikuwa anaandika hadithi za mapenzi! Nyanya, yule wa kutukataza hata kucheka mezani!

Ilikuwa 1957, Nakuru, kwa nyumba za reli. Aliandika maharagwe yakichemka. Maneno matamu aliyaokota kwa mfereji wa maji, wanawake wakisimuliana mambo ya waume zao.

Sasa Jumapili moja Mzee Khaemba, kiongozi wa kanisa, akasimama na karatasi za nyanya. Hakuna anayejua alizitoa wapi. Akasoma kwa sauti amwaibishe: "Kijana akamshika msichana mkono pale stesheni ya Gilgil..." Akaikunja karatasi. "Yanayofuata hayasemeki hapa. Milcah, tubu, ama utoke kwaya."

Zeddy, akasimama! Babu anamvuta nguo akae. Akasema, "Mzee, hujamaliza. Lete nisome mwenyewe."

Akasoma busu lote. LOTE, Zeddy, kanisani!

Halafu akamwambia, "Hawa wawili wanaoana ukurasa unaofuata. Wewe ndiye uliishia kwa busu."

Ati "wewe ndiye uliishia kwa busu"! Kwa mzee wa kanisa!

Alitolewa kwaya hapo hapo, na hakuomba kurudishwa. Mchana wanawake wakajaa kwake kusikia ule ukurasa wa harusi, na hakuacha kuandika mpaka macho yalipokataa.

Shangazi alimuuliza uzeeni kama alijuta. Akajibu, "Nilijuta kitu kimoja. Lile busu lilikuwa fupi."