Wazee Wanataka Kupiga Kura, Msomi Wangu Hataki

Dada Hilaria, nakusalimu kwa heshima, mimi niliishia darasa la nne kwa hiyo utanivumilia mwandiko, huku Masama migomba imezaa vizuri lakini nyumba yangu ni baridi tangu mume wangu alipofariki wakati wa masika. Alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, jioni aliwafundisha wazee kando ya zizi letu, na mfuko wa shati lake haukukosa chaki, nikilifua maji yanageuka maziwa. Aliwaahidi wanafunzi wake kwamba Jumapili ya kura watateremka pamoja hadi shuleni, yeye mbele, na wazee wale, ambao wengine walipata wajukuu kabla ya kushika kalamu, hawajasahau, kila siku wanapita kuniuliza, "Mama Gidioni, nani atatutangulia?"

Kwa desturi yetu ni mwanangu wa kwanza, Gidioni, anayetakiwa kushika nafasi ya baba yake, lakini amemaliza kidato cha sita na hataki, anasema, "Mama, wagombea wote wawili ni wa chama kimoja, uchague alama ya jembe, uchague ya nyumba, mvua ni ileile," na vijana wenzake waliosoma wanacheka naye pale dukani, wakati Bibi Yuditha wa darasa la wazee, asiye na jino hata moja, ameshafua kanga ya kwenda nayo. Mimi siwezi kutangulia kwa kuwa matanga hayajaanuliwa, na shemeji yangu amesema mjane hatembei mbele ya watu na kitambaa cheusi kichwani. Nimekata jani la sale nimpelekee Gidioni, maana kwetu ukiombwa kwa sale hukatai, lakini mkono unasita, je, nimpe, ama niwaambie wazee kwamba ahadi imekufa na mwenyewe?

Mama Gidioni, Masama

*

Mama Gidioni, pole sana kwa msiba. Sasa futa machozi unisikilize.

Jani hilo liweke chini. Sale ni ya kuombea msamaha. Wewe umemkosea nini mtoto uliyemzaa ukamsomesha? Na usidhani elimu ndiyo iliyomfunga miguu. Ile ya kando ya zizi si elimu? Wazee wako wameipata uzeeni, bado ina moto, tena wanakumbuka enzi ambazo hakuna aliyewauliza wanamtaka nani. Mwanao ni kama mtoto anayekuta ndizi zimeiva jikoni, hajui nani alibeba samadi. Atajua, lakini si kwa kubembelezwa.

Kitambaa chako kivae, na utangulie wewe. Shemeji mwambie unatimiza neno la ndugu yake. Gidioni mwachie chai mezani, usimwamshe wala usinung'unike. Ila hakikisha darasa zima linapita chini ya dirisha lake likiimba.

Hilaria

*

Mama Gidioni ametuandikia tena:

Dada Hilaria, tulikwenda! Shemeji aliguna, kisha akachukua fimbo yake akatufuata. Pale dirishani Bibi Yuditha aligonga ukuta kwa mkongojo akasema, "Lala, baba, lala, sisi tunakwenda kukuchagulia!" Shuleni foleni ilikuwa mvi tupu, na kila aliyetoka chumba cha kura alitoka kama bwana harusi.

Jua lilipopanda nikamwona mwanangu anateremka, kadi ya kura mkononi, kigoda cha baba yake begani. Akamkalisha Bibi Yuditha, akataka kusimama papo hapo kando yetu. Bibi akamwambia, "Ahsante kwa kiti, msomi, lakini foleni inaanzia kule nyuma!" Uwanja mzima ukacheka, naye akacheka, mara ya kwanza tangu tuzike, akaenda nyuma kabisa. Baadaye nikaona wenzake wawili wa dukani wamesimama nyuma yake.

Jioni aliniuliza, "Mama, chaki za baba umeziweka wapi?" Sasa wazee wanasoma tena kando ya zizi. Leo nimefua shati la Gidioni, dada yangu, na maji yamegeuka maziwa.