Povu la Jakuzi na Mafuta ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, tena wa haraka, maana Ijumaa hii mtu asiye na kosa anafukuzwa kazi na mimi nimekaa kimya.

Mimi ni fundi wa maji katika nyumba ya wageni ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na mzigo wangu mkubwa ni jakuzi, lile bwawa dogo la maji ya moto yanayobubujika, ambalo siku hizi likiwashwa tu linatoa povu mpaka kwenye vigae, wageni wanakunja pua na kuondoka, na shemeji ameshakata shauri kwamba dada wa usafi ndiye anayemwaga sabuni humo kwa uzembe, dada wa watu analia stoo na kuapa, wala hasikilizwi. Mimi najua si yeye. Nilikwenda alfajiri kuangalia pampu, nikasukuma mlango, nikamkuta mama mkwe yumo majini, kajipaka mafuta ya maumivu kuanzia shingoni hadi unyayoni, kafumba macho anaguna kwa raha, nikarudi kinyumenyume kama mwizi, na sijui kama aliniona, ila tangu siku hiyo akinipa chai haniangalii. Sasa nitaanzaje? Mkwe mzima nisimame mbele ya shemeji niseme nimemwona mama yake akioga? Kila jioni natia dawa ya kukata povu, asubuhi limerudi, na jana dada wa usafi kaniuliza, "Fundi, wewe ndiye unayeyajua haya maji. Kweli hujui kitu?" Nikamwambia sijui. Naona aibu hata kuliandika hilo. Nijibu hewani tu, shemeji hasikilizi redio, redio ya nyumba ile ni ya mama.

Ni mimi, Mkwe wa Mlangoni.

Fundi, pole. Aibu yako ni ya mtu aliyelelewa vizuri, ingawa hapo pa kurudi kinyumenyume nimecheka kidogo. Lakini ulipomwambia yule dada hujui, umeniudhi. Unamsitiri mama mkwe kwa kumnyang'anya mwenzako tonge mdomoni, halafu unaita heshima.

Na ufundi wako nao umelala. Dawa ya kukata povu inalituliza kwa muda tu, mafuta yamebaki kwenye maji, kwenye chujio na ndani ya mabomba. Leo tia dawa ya kusafisha mabomba, washa pampu izungushe, kisha mwaga maji yote. Toa chujio ulioshe, likikataa kutakata nunua jipya. Sugua kuta mpaka zisiteleze, suuza, jaza maji mapya, yapime, utie klorini ya kutosha. Kuanzia hapo kila anayeingia ajimwagie maji kwanza, asiwe na mafuta wala losheni mwilini. Nguo za kuogelea zisuuzwe kwa maji matupu mpaka sabuni iishe, maana hata hizo zinatoa povu.

Shemeji usimwendee na habari za kuoga. Una mke, na yeye ni binti wa mama huyo, mwambie leo. Ijumaa ikikukuta hakuna aliyesema, simama wewe: "Shemeji, ni mafuta, si sabuni. Dada hana kosa." Akiuliza ni mafuta ya nani, mwambie amuulize mama yake. Na kabla ya yote hayo nenda stoo, kuna mtu alikuuliza swali.

Halafu fundi, umesema redio ya nyumba hiyo ni ya mama. Sidhani hilo limekuponyoka. Basi niachie.

Shikamoo mama. Najua magoti yanauma, na maji ya moto ni haki yako, tena mchana, mlango umefungwa kwa ndani. Ingia bila mafuta, ujipake ukishatoka. Mkwe wako hakusimama kutazama. Ila dada wa usafi analia kwa ajili ya mafuta yako, na mwanao yuko hapo nyumbani. Zima redio, mama, umwite.