Siku Mchungaji Alipoomba Mbuzi

Kakuma, Jumapili jioni, kiangazi cha 1976.

Makomredi wa sala na jasho, ninyi wa kikundi chetu cha maombi mliobaki Lodwar, shajara hii leo naielekeza kwenu, maana nimechoka kujihutubia peke yangu. Upepo umevuma tangu asubuhi. Mchanga umeingia kwenye chai, kwenye masikio, hata kwenye kalamu hii. Na bado nina furaha ambayo sijaionja tangu likizo iniondoe Nairobi.

Leo mchungaji wetu ameomba mbuzi mbele ya kanisa zima.

Msicheke kwanza. Mnaikumbuka Jumatatu iliyopita, dereva wa lori la unga alipotuletea habari kwamba Mchungaji Mwakio wa Kakuma amefunga virago. Yule Mtaita, aliyeacha vilima vyenye vijito akaja kuwatumikia watu wetu katika nchi hii ya mawe, alikuwa ameomba nafasi katika lori litakaloteremka kesho. Hakusema anakwenda likizo. Alisema anakwenda kwao.

Mnakumbuka pia jinsi nilivyopanda juu ya benchi. Nilisema kwamba mchungaji anayekonda huku kondoo wakinenepa ni shtaka lililoandikwa juu ya mlango wa kanisa. Nilisema Kakuma imemsaliti. Mliitikia kwa sauti moja. Tukafunga, tukamwombea hadi koo zikakauka, tukachanga sukari, unga na samaki wakavu wa ziwani. Mkanituma mimi. Nikakwea juu ya magunia ya lori siku ya Alhamisi, moyo wangu ukiwa umejaa hotuba.

Nilimkuta amekaa mlangoni, shati limemlegea mabegani kana kwamba ni la kaka yake. Ndani ya nyumba kulikuwa na sanduku moja la bati lililofungwa kwa kamba ya katani, tayari kwa safari. Alinikaribisha kwa chai ya rangi. Nilipoifungua sukari yetu, aliisukuma pembeni akasema nimpelekee mwenye shida.

Nikamuuliza shida ikoje kama hii si shida.

Ndipo alipoyatoa ya moyoni. Kwa miaka miwili, alisema, neno alilolisikia kuliko jina lake ni *nakinai*, nipe. Akitoka ibadani, nipe tumbaku. Akimzuru mgonjwa, nipe sukari. Akimbatiza mtoto, baba wa mtoto anaishika kola ya shati lake na kusema, nipe hili. Naye alitoa. Alitoa blanketi, alitoa sufuria, alitoa viatu vyake vya pili. Hakumnyima mtu hata siku moja, na hakuomba kwa mtu hata siku moja, kwa kuwa marehemu baba yake alimfundisha kwamba mtumishi wa Mungu haombiombi milangoni.

"Wanaijua rangi ya kila kitu nilichokuwa nacho," aliniambia. "Hakuna aliyewahi kuniuliza nimekula nini."

Nililala na hasira tamu, ile ya mtu aliyepata ushahidi.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa Apa Lokwawi, mzee wa kanisa, mwenye mifugo mingi na maneno mengi kuliko mifugo. Boma lake liko ng'ambo ya mto Tarach, ambao sasa ni mchanga mtupu. Nilimsalimu, ejok, akanijibu, ejok, na kabla sijaketi alikuwa ameshaiomba saa yangu ya mkononi. Nikamwambia hapana. Akacheka, akaniomba kofia. Nikampa. Tukawa marafiki.

Kisha nikaanza hotuba yangu. Nilitumia neno usaliti. Nilitumia neno unyonyaji. Nadhani nilitumia hata neno tabaka. Apa Lokwawi alisikiliza huku akiyachokoa meno kwa kijiti cha mswaki, na nilipomaliza sikuona aibu usoni pake. Niliona kidonda.

Alinisimulia siku alipobatizwa mwanawe. Alichinja dume. Alimwekea mchungaji mguu mzima, akangoja aombe na mafuta, aombe na ngozi, aombe na mbuzi wa maziwa wa kwenda naye nyumbani. Mchungaji alikula kipande kimoja, akasema asante, ameshiba. Akaaga.

"Mimi ninamwomba kwa sababu ni mtu wangu," alisema Apa Lokwawi. "Yeye ameniomba lini? Kijana, asiyekuomba kitu amekwambia huna kitu. Au amekwambia anapita."

Makomredi, mimi ni mtoto wa nchi hii. Nimenyonyeshwa neno lile pamoja na maziwa. Najua kwamba kwetu kuomba ni kamba. Wewe unaivuta upande wako, mimi naivuta upande wangu, na wakati wa ukame kamba hiyo ndiyo inayotuvusha. Mtu huombwa, hukataa, huomba naye, hukataliwa, na hakuna anayelia. Mchungaji wetu alikuwa ameishika kamba upande mmoja tu. Alitoa kila kitu kama bwana mkubwa apitaye na msafara, wala hakukataa, wala hakuvuta. Watu wa Kakuma wakadhani yeye hana haja nao. Yeye akadhani hawampendi. Pande mbili zimeumia miaka miwili, kila upande ukiwa na haki.

Na hakuna msaliti. Mjue nilivyotaabika kuitupa hotuba nzuri namna ile.

Jana mchana nilimweleza mchungaji mambo haya. Sijawahi kushindwa kwa hoja nikiwa na hoja nzuri kiasi hicho. Alinijibu kwa upole kwamba mila ni mila na wito ni wito. Kwamba akinyoosha mkono leo, kesho watasema alikuja kutafuta mbuzi. Nikamtajia umoja, nikamtajia historia ya watu wanyonge, nikapandisha sauti. Alikuwa akiikaza kamba ya sanduku wakati nikisema.

Nikaishiwa. Nikabaki na swali moja tu, na nililiuliza bila mapambo.

"Mchungaji, kila alfajiri unamwomba Mungu riziki ya siku. Kama amekwisha kuiweka kwa Apa Lokwawi, utaipataje bila kubisha pale?"

Akaendelea kufunga sanduku. Nikamuuliza tena, kwa sauti ndogo zaidi, ni lini aliwahi kuwaomba watu hawa wamwombee yeye. Mikono yake ikasimama juu ya fundo. Alisema aliwaombea mvua, aliwaombea watoto, aliwaombea hata ngamia. Yeye mwenyewe hakujiweka katika maombi yao, kwa kuwa aliogopa kuonekana ameanguka.

Kisha akalikaza fundo, akaingia ndani.

Nilitembea mtoni peke yangu nikamwombea. Haikuwa sala ya benchi. Nilisema tu, Bwana, mvunjie haya zake, na mimi unipunguzie maneno.

Basi leo. Kanisa lilijaa, maana habari za lori zilikwisha kuenea. Wenye maduka na karani wa ofisi ya chifu walikaa mbele katika mabenchi. Wenyeji walikaa kwenye vigoda vyao na mchangani, kina mama shanga hadi kidevuni. Upepo uliyapiga makuti ya mikoma kama mtu anayebisha hodi. Mahubiri yalikuwa mafupi na mabaya, nasema kwa upendo. Alipofika mahali pa kutoa baraka ya mwisho, akafunga kitabu, akashuka, akaenda akasimama mbele ya Apa Lokwawi. Kofia yangu ilikuwa magotini pa mzee.

"Apa Lokwawi," akasema, "nipe mbuzi."

Apa Lokwawi aliinua uso polepole. "Mbuzi gani?"

"Yeyote. Hata akiwa mdogo."

"Hata mdogo!" Mzee aliwageukia watu. "Mmemsikia? Ameona boma langu miaka miwili, anadhani nina mbuzi wadogo."

Wanawake walianza kucheka chinichini. Karani wa chifu aliangalia viatu vyake kwa fedheha. Nilimwona Mchungaji Mwakio jasho likimtiririka shingoni, nami nikaling'ang'ania benchi ili nisisimame kumsaidia.

"Basi nipe yule mweupe," akasema. "Mwenye kengele."

Hapo hata watoto waligeuka kumtazama mzee. Mbuzi mwenye kengele ndiye anayeongoza kundi zima kwenda majini. Apa Lokwawi alikiweka kiganja kifuani. "Huyo siwezi," akasema, na makomredi, uso wake uling'aa kama uso wa mtu aliyepewa, si kama wa mtu aliyeombwa. "Huyo ni moyo wangu. Lakini yupo jike mwekundu mwenye maziwa. Chukua. Nawe unipe hilo shati."

Mchungaji akalitazama shati lake.

"Hapana," akasema. "Hili ni la ibada."

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Amekataa! Mama mmoja aliyekaa karibu nami alimpiga jirani yake begani akirudia neno hilo, amekataa, kana kwamba amesikia mtoto akitamka neno lake la kwanza. Sijawahi kuona hapana moja ikipokewa kwa shangwe namna ile, hata katika mikutano yetu ya chuo.

Lakini hakuishia hapo. Kicheko kilipotulia alikuwa bado amesimama. Aliwaambia kwamba amechoka. Aliwaambia kwamba usiku mwingine hawezi kusali. Kisha akasema, "Naomba mniombee," akapiga magoti mchangani.

Ata Nakiru, bibi kizee anayeongoza nyimbo, alimwambia ainuke; mgeni hupiga magoti, mwenyeji huketi. Apa Lokwawi akatoa kigoda chake mwenyewe. Wakamkalisha katikati, na Ata Nakiru akasali kwa namna ya wazee wetu, ile ambayo mwenye kuongoza huuliza na watu wote hujibu, kwa kuwa sala isiyojibiwa haijasaliwa. Alichovya vidole katika kibuyu cha maji akamnyunyizia kichwani. Alimwita Mungu kwa jina la Yesu, kisha akaanza. Naandika kwa Kiswahili.

Uchovu umeondoka? Umeondoka!

Njaa imeondoka? Imeondoka!

Maziwa yapo? Yapo! Mvua ipo? Ipo!

Nilitazama mabenchi ya mbele nikihofia hawatajibu. Mwenye duka mmoja, Mluhya, alikuwa wa kwanza kujibu pamoja na wengine, kisha wote. Hata karani.

Mchungaji wetu yupo?

Yupo!

Ata Nakiru hakuridhika. Aliuliza tena, akiwa ameinama usoni pake. Mchungaji wetu yupo? Yupo, tulijibu, kwa nguvu zaidi. Akanyunyiza maji, akangoja. Nikaelewa anachongoja. Watu wote walikuwa wamejibu isipokuwa mmoja.

Akauliza mara ya tatu, na hakuna aliyefungua kinywa.

"Nipo," akasema Mchungaji Mwakio.

Sauti ilikuwa ndogo. Ilitosha.

Sasa ni jioni. Najiuliza, na nawauliza ninyi: sisi tunaohubiri mshikamano, tumeelewa nini juu yake? Tulifunga, tukachanga, tukatuma mzigo, wala hatukumwomba Mchungaji Mwakio kitu chochote. Mimi mwenyewe sijamwomba mama kitu tangu niingie chuo kikuu. Nilidhani namheshimu. Nikifika nyumbani nitamwomba ule mkeka wake mzuri, na akininyima nitafurahi.

Najua wasiwasi haujaisha. Mshahara wake bado unachelewa, kiangazi bado kirefu, na mtu aliyesema nipo mchana anaweza kuamka na mawazo mengine. Endeleeni kumwombea. Lori litaondoka alfajiri nami nitakuwa juu yake. Sijamuuliza mchungaji kama atapanda. Sikuona sababu ya kuuliza. Nimepita mlangoni pake sasa hivi: sanduku la bati liko wazi, na ile kamba ya katani imefungwa kwenye mguu wa mbuzi jike mwekundu.

Mkutano ujao ni Alhamisi, saa kumi na moja jioni, jua likishapoa, nyumbani kwa mama yangu, Lodwar. Sukari msilete. Kila mmoja aje na kitu cha kumwomba mwenzake.