Hori Tuliyoizika Mchangani

Mama Sada,

Mkeka wako uko palepale ulipouacha, mama yako hataki ukunjwe. Tangu tukuzike mvua haijanyesha. Wanawake wanachimba mchanga wa mtoni mpaka shimo liwafike kifuani ndipo wapate maji.

Wakati huu ndipo boma la Wadachi limeletewa mashua. Ndiyo, mashua, hapa Ugogo. Ungecheka. Imekuja kwa reli ikiwa vipande, na wapagazi wataibeba hadi ziwani. Kwa kuwa kule pwani nilikuwa fundi kabla sijakuoa, nimeamriwa kuitayarisha. Nimeshona tanga, nimepaka kamba mafuta ya ng'ombe. Lakini hori, ile mashua yake ndogo, imekuja nzima, maana itavusha mizigo kwenye mito ya njiani. Jua la huku lilikuwa limeikausha hata nikaona mwanga kati ya mbao. Ningeziba nyufa vile zilivyo, mbao zingevimba majini zikajipasua. Ilitaka kunywa kwanza.

Bwana wa boma aliposikia hivyo akatuma askari wafunge visima, maji yote yamiminwe ndani ya hori. Asubuhi ile mama yako alirudi na kibuyu kikavu. Alikiweka miguuni pangu. Sada alikuwa akilamba midomo.

Nikakumbuka kinu chako. Kilipopasuka ulikizika kwenye mchanga wenye unyevu, ukasema, "Kiache kinywe polepole." Nami nikakuuliza kama niwaite majirani waje mazikoni. Ulinirushia mchanga hadi ndevuni.

Basi nilikwenda bomani nikaomba niizike hori mtoni, visima vifunguliwe. Bwana akakubali, ila ikivuja ningelazwa chini nichapwe viboko mbele ya watu. Nilipochora shimo lile refu mchangani, majirani waliokuja kunisaidia walirudi nyuma. Hakuna aliyeshika jembe. Mimi mwenyewe nilikaa chini, mikono ikakataa. Ndipo mama yako akashuka na jembe lake.

"Chimba, mkwe," akasema. "Mwanangu hayumo humo."

Tukachimba. Sada aliuliza kwa nini tunaifukia, nikamwambia maneno yako: inakunywa polepole.

Tulipoifukua baada ya siku kadhaa, mbao zilikuwa zimekaribiana. Nikaziba kwa pamba na mafuta, tukamimina kibuyu kimoja mbele ya askari. Halikutoka hata tone. Mama yako akayateka maji yaleyale akampa mbuzi. "Mdachi achukue hori yake," akasema, "maji yetu hayaendi ziwani." Watu wakacheka, nami nikageuka nikutazame, kama nilivyozoea.

Tangu siku hiyo Sada ananiuliza wewe tutakufukua lini. Mara ya kwanza nilijifanya sikusikia. Jana nilimkuta kaburini kwako, ameshika kata, anamwaga maji yake ya kunywa. Midomo yake ilikuwa mikavu. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Namwacha mama anywe polepole."

Sikumkataza. Nilimbeba tu mgongoni mpaka nyumbani.

Kesho naondoka na hori, ni amri. Sada atabaki na bibi yake. Nimemwomba mama yako asimwambie lolote, nami nakuahidi nitarudi, nikae naye pale pembeni mwako, nimweleze mwenyewe kwa kinywa changu. Ni mimi niliyempa neno lile, ni mimi nitakayeliondoa.

Pumzika, mke wangu. Ukihisi unyevu juu yako kabla ya mvua, ujue ni mwanao.

Baba Sada