Nyumba Yote Kijivu

Jumatatu, 3 Machi

Dukani kutwa, nachanganya rangi. Kila mteja kijivu, kijivu. Si juzi tu ilikuwa krimu juu, maruni chini, ili uchafu usionekane? Nani huamua? Ningependa sana kumjua huyo mtu. Na mimi pia nilifuata: ukuta kijivu, milango kijivu, viti, zulia. Marafiki huja kwangu kupiga picha. Yeyo, mama yangu, peke yake hajasifu. Nilimtoa Kajiado wiki jana ili asiendelee kuishi peke yake. Tangu afike anashinda nje kwa veranda.

Jumatano, 5 Machi

Anataka kurudi kwake. Nimemuuliza nimemkosea nini. Akatoka zake nje. Nimeumia, wacha niseme ukweli. Kule alianguka akakaa chini mpaka jirani akamkuta. Kaka yangu Lemayian anasema asilazimishwe. Rahisi kusema, ukiwa Kimuka na ng'ombe zako.

Ijumaa, 7 Machi

Ajabu. Sokoni Yeyo alitangulia mbele yangu, akachagua nyanya mwenyewe, akamgombeza muuzaji kwa ile moja mbovu. Kufika nyumbani, anapapasa ukuta. Kikombe akakiweka nje ya meza. Chai yote kwa zulia. Kwa nini anaona huko na hapa haoni? Nilipomuuliza kuhusu macho alifoka: "Macho yangu ni mazima!"

Haya basi.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Nilianika shuka yake nyekundu juu ya mlango wa choo. Akatoka chumbani, akaenda moja kwa moja. Hakupapasa. Nilibaki nimeshika mwiko kama mjinga.

Baadaye nikaiondoa makusudi. Akaupita mlango, akagusa ukuta mpaka kwenye kona, akasimama. Nilimfanyia ubaya, najua. Lakini sasa naelewa. Kwake hapa hakuna mlango wala kiti, ni ukungu tu. Nikamshika mkono. Akasema pole pole kwamba aliogopa kukosa mlango wa choo mbele ya wageni wangu. Nimelia jikoni.

Jumanne, 11 Machi

Nimebeba rangi nyekundu ya matofali kutoka dukani. Milango, fremu, kingo za meza, vyote. Bega linaniuma. Inakaa vibaya, sitajidanganya.

Mama Shiko wa plot ya jirani akaingia, mikono kiunoni. "Hii ndiyo imeingia sasa?" Nikasema ndiyo. Ameshaagiza yake! Kumbe pengine fasheni huanza hivi hivi, mtu mmoja na shida yake.

Jumamosi, 15 Machi

Amekubali twende kliniki ya macho, shingo upande. Asubuhi alijipikia chai, akaniletea na mimi. Sukari nyingi mno. Nimekunywa yote.

Jioni akampigia Lemayian. Nilijua tu, anaomba aje amchukue. Nikafunga mfereji wa jikoni nisikie vizuri. Alikuwa anamwambia alete huku kuku wote aliowaacha Kajiado, na asimsahau jogoo.